Gofu kwa mtu wa kawaida: viwanja vya ukanda huu, na namna ya kuvilinganisha kabla ya kulipa

Mjini Lubumbashi, neno Golf kwanza ni jina la mtaa. Mtu akisema anakaa Golf, watu wanawaza nyumba kubwa, ukuta mrefu na geti la chuma. Wachache wanawaza fimbo na mpira mdogo mweupe. Mtaa ulipata jina kutoka kwenye uwanja, na uwanja upo hadi leo, lakini kwa wakaaji wengi wa Haut-Katanga na Haut-Lomami jina ndilo limebaki. "Gofu ni ya bakubwa," inasemwa, na mazungumzo yanaishia hapo.

Hata hivyo, watu wa Kamina hupita karibu na viwanja hivi mara nyingi kuliko wanavyofikiri. Kuna wanafunzi wanaosoma Lubumbashi, wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa, na wale wanaokwenda Dar es Salaam, Kampala au Nairobi kwa kazi na mafunzo. Baadhi yao wanatamani kujaribu, hata mara moja tu, na swali lao ni lile lile: uwanja gani unamfaa mtu mwenye mshahara wa kawaida?

Magazeti ya gofu yana jibu lake. Yanapanga viwanja kwa jina la mchoraji, kwa uzuri wa mandhari, kwa mashindano makubwa yaliyochezwa pale. Hayo ni mambo ya mtalii. Mtu anayehesabu makuta yake anahitaji kipimo kingine, na kipimo hicho ni kifupi: akicheza leo, ataweza kurudi mwezi ujao? Uwanja mzuri kwake ni ule wa kurudi. Uwanja wa kucheza mara moja na kupiga picha ni safari tu.

Uwanja wa gofu una nini

Uwanja kamili una mashimo 18. Mdogo una mashimo 9, na anayetaka 18 huuzunguka mara mbili. Kila shimo lina sehemu ya kuanzia, njia ndefu ya majani yaliyokatwa, na mwishoni eneo laini liitwalo grini, ambapo kuna kishimo chenye upana wa milimita 108. Mchezaji anahesabu mikwaju, yaani mapigo, tangu mwanzo hadi mpira uingie. Aliyetumia mikwaju michache ndiye mshindi.

Uwanja wa mashimo 18 kwa kawaida umepangwa kuchezwa kwa mikwaju 70 hadi 72. Hiyo ni hesabu ya mtu aliyebobea. Mtu wa kawaida akimaliza kwa mikwaju 100 hana sababu ya kuona haya.

Kwa anayeanza, mashimo 9 yana faida tatu. Yanachukua kama saa mbili badala ya saa nne au zaidi, ada yake kwa kawaida ni ndogo, na miguu inarudi nyumbani salama. Kwa hiyo mtu asidharau uwanja kwa sababu eti ni nusu. Na pale penye mashimo 18, aulize kama inaruhusiwa kulipia 9 tu.

Jambo jingine ni grini yenyewe. Katika Afrika viwanja vingi vya zamani havikuwa na majani kwenye grini, kwa sababu maji yalikuwa shida wakati wa kiangazi. Walitandika mchanga uliochanganywa na mafuta, wakausawazisha kwa ubao. Mpira hutembea vizuri juu yake, na gharama ya kuutunza ni ndogo sana. Uwanja wa namna hiyo hauvutii kwenye picha, lakini kwa mwanafunzi wa gofu unatosha kabisa.

Gharama tano, siyo moja

Kosa la wengi ni kuuliza swali moja tu: "Kuingia ni ngapi?" Wanapewa bei, wanafika, kisha wanagundua kwamba ile ilikuwa mlango tu. Gharama za siku moja ziko tano.

Ya kwanza ni ada ya uwanja. Mara nyingi kuna bei ya mwanachama, bei ya mgeni wa mwanachama, na bei ya mgeni aliyekuja peke yake, ambayo ndiyo ya juu. Siku za kazi huwa ni nafuu kuliko Jumamosi na Jumapili. Kwenye viwanja vingine raia wa nchi jirani hulipa tofauti na mtalii wa mbali, kwa hiyo mtu ataje anakotoka mapema.

Ya pili ni kukodi fimbo. Sheria inaruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, lakini anayeanza anazihitaji tano au sita. Akilazimishwa kukodi mfuko mzima, analipia vyuma ambavyo hatavigusa.

Ya tatu ni kedi, yaani mtu anayebeba mfuko na kuelekeza njia. Viwanja vingi vya ukanda huu vinataka kila mchezaji awe na kedi, na bahashishi mwishoni ni desturi.

Ya nne ni mipira. Anayeanza hupoteza mipira mitano, sita, hata kumi kwa siku, na tangu 2019 sheria inatoa dakika tatu tu za kuutafuta mpira uliopotea. Mipira iliyotumika huuzwa karibu na viwanja vingi kwa bei ndogo. Kununua mipya kwa siku ya kwanza ni kutupa feza majini.

Ya tano ni mavazi na njia. Klabu nyingi zinakataa jinzi, kandambili na fulana isiyo na kola. Kabla ya kununua viatu vya gofu, mtu aulize kama raba za kawaida zinaruhusiwa. Mahali pengi zinaruhusiwa.

Ukijumlisha hizo tano, unaweza kukuta uwanja wenye ada ndogo unakula pesa zaidi kuliko wenye ada kubwa. Ndiyo maana bei ya mlangoni peke yake haitoshi kulinganishia.

Namba inayosema ukweli juu ya ugumu

Tangu 2020, sehemu kubwa ya dunia inatumia mfumo mmoja wa hendikapu. Hendikapu ni namba inayoonyesha mchezaji anazidisha mikwaju mingapi kwa kawaida. Aliyebobea ana 0, na kiwango cha juu kabisa ni 54. Mchezaji wa hendikapu 24 anaweza kushindana kwa haki na wa hendikapu 5, kwa sababu anapunguziwa mikwaju.

Sasa, kila uwanja uliopimwa una namba mbili kwenye kadi yake. Ya kwanza inaonyesha ugumu kwa mchezaji hodari. Ya pili, iitwayo slopu, inaonyesha jinsi uwanja unavyomwadhibu mchezaji wa kawaida kuliko hodari. Slopu inaanzia 55 hadi 155, na ya kawaida ni 113.

Hesabu yake ni rahisi. Hendikapu inazidishwa kwa slopu, kisha inagawanywa kwa 113. Mtu wa hendikapu 24 akienda kwenye uwanja wa slopu 113, anabaki na 24. Akienda kwenye slopu 136, anapewa 29. Akienda kwenye slopu 100, anapewa 21. Baada ya hapo huwa kuna marekebisho madogo, lakini msingi ndio huo.

Maana yake ni kwamba viwanja viwili vinaweza kuwa sawa kwa bingwa na tofauti kabisa kwa mtu wa kawaida. Bwawa lililo mbele ya sehemu ya kuanzia halimsumbui anayepiga mita 220. Kwa anayepiga mita 120, bwawa hilo ni kaburi la mipira. Anayeanza atafute slopu ya chini, au aanzie sehemu za mbele, ambazo karibu kila uwanja unazo. Kuanzia mbele hakumvunjii mtu heshima.

Viwanja, kimoja baada ya kingine

Kwa mkaaji wa Kamina, mlango wa kwanza ni Lubumbashi. Faida yake kubwa ni kwamba hakuna mpaka wa kuvuka, lugha ni Kiswahili na Kifaransa, na mtu anaweza kuwa na ndugu wa kumlaza. Hilo pekee linapunguza gharama kuliko punguzo lolote la ada. Tena hali ya hewa ni ile ile ya nyanda za juu za Katanga: mvua kuanzia karibu Oktoba au Novemba, kisha miezi mirefu mikavu. Mwishoni mwa kiangazi ardhi inakuwa ngumu kama saruji na mpira unakimbia mbali. Hiyo inamsaidia asiye na nguvu, lakini inamtesa asiyelenga vizuri. Wakati mzuri wa kujifunza ni mara tu mvua zinapoisha, majani yakiwa bado mabichi.

Wa pili ni ukanda wa shaba wa Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa. Huko kila mji wa mgodi ulijengewa uwanja wake: Nchanga mjini Chingola, Nkana mjini Kitwe, Mufulira, Roan Antelope mjini Luanshya, na Ndola. Viwanja viko karibu karibu, na hilo lina maana kwa mchezaji, kwa sababu anaweza kulinganisha kwa macho yake bila safari ndefu. Uwanja wa Ndola unajulikana kwa vichuguu vikubwa vya mchwa vilivyoachwa katikati ya njia za kuchezea. Mtu wa Katanga atavitambua mara moja: ni vile vile ambavyo kwao huvunjwa kupata udongo wa matofali. Huko Ndola vinapandwa kwa macho, vinazungukwa, na mpira ukivipiga unarudi ulikotoka. Kasoro ya njia hii ni mpaka wenyewe: hati, foleni, na kubadilisha franka kuwa kwacha.

Wa tatu ni Kigali, kwa wasomaji wa Goma na Bukavu zaidi kuliko wa Kamina. Uwanja wa Nyarutarama ulitengenezwa upya na kampuni ya mchezaji maarufu wa Afrika Kusini, Gary Player, na ukafunguliwa 2021 ukiwa na mashimo 18. Ni uwanja mzuri, wenye vilima na maji, na umelenga kuvuta wageni na mashindano. Kwa kipimo cha kurudi mwezi ujao, mtu wa kawaida apige hesabu mara mbili.

Wa nne ni Uganda. Kampala ina uwanja katikati kabisa ya jiji, kwenye bonde la Kitante, na klabu yake ilianza 1908. Anayekwenda Kampala kwa biashara anaweza kuufikia kwa bodaboda. Jinja, karibu na mahali Mto Nili unapotoka Ziwa Victoria, ina uwanja wa mashimo 9 wenye sheria yake ya pekee: mpira ukiangukia kwenye alama ya mguu wa kiboko, mchezaji anaruhusiwa kuuokota na kuuweka pembeni bila adhabu. Viboko walizoea kupanda usiku kula majani. Kwa anayeanza, mashimo 9 ya Jinja ni mwalimu mpole kuliko mashimo 18 ya jiji.

Wa tano ni Nairobi, yenye viwanja vingi kuliko mji wowote wa Afrika Mashariki. Muthaiga na Karen ndivyo vinavyoonekana kwenye televisheni, kwa sababu ya mashindano ya Kenya Open yaliyoanza 1967. Lakini mtu wa Kamina angeangalia kwanza kingine: uwanja wa Reli, Kenya Railway Golf Club, ulioanzishwa 1922 kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Kamina yenyewe ni mji wa reli, uliokua na njia ya BCK iliyofika hadi Ilebo 1928. Reli ile ile iliyoleta karakana na nyumba za wafanyakazi, kwingine ilileta na uwanja wa gofu.

Wa sita ni Dar es Salaam. Gymkhana ni klabu ya zamani ya katikati ya jiji. Lugalo ni uwanja wa jeshi la Tanzania, na pale askari na raia hucheza pamoja. Lugalo unaonyesha kwamba kambi ya jeshi inaweza kuwa mlango wa mchezo kwa watu wa mji. Kamina, yenye kambi yake kubwa, ina sababu ya kuutazama mfano huo.

Kedi ndiye mwalimu

Katika kulinganisha viwanja, jambo linalosahaulika zaidi ni ubora wa makedi. Kedi mzuri anajua grini inateremkia wapi, anajua upepo wa saa kumi, na anaona mara moja kwa nini mkono wa mchezaji unapinda. Wengi wao wanacheza vizuri kuliko wanaowabebea mifuko. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika walianza wakibeba mifuko ya wengine.

Sewsunker "Papwa" Sewgolum wa Durban alikuwa mmoja wao. Alianza kama kedi, akajifunza peke yake, akishika fimbo kwa mikono iliyopishana kinyume na inavyofundishwa. Alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mara tatu. Mwaka 1963 alishinda yale ya Natal, kwao nyumbani, lakini sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia ndani ya jengo la klabu. Akapokea kombe nje, mvua ikinyesha.

Seve Ballesteros wa Uhispania, aliyeshinda Kenya Open 1978, naye alianza kama kedi. Utotoni alijifunza ufukweni akiwa na fimbo moja tu ya chuma, namba 3. Kwa fimbo hiyo moja alipiga mipira ya juu, ya chini, mirefu na mifupi. Kijana asiye na mfuko wa fimbo 14 ajue kwamba bingwa huyo naye hakuwa nao.

Kwa hiyo anayekwenda uwanjani mara ya kwanza amweleze kedi wazi kwamba hajui. Aombe afundishwe, akubaliane naye malipo kabla ya kuanza, na amheshimu. Kedi mwenye mvi haitwi "mtoto" kwa sababu amebeba mfuko. Ni papa, au mzee, kama angeitwa nyumbani.

Mlango unafunguka kwa nani

Enzi za ukoloni, klabu za miji ya Katanga zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa kazi. Sheria hizo zimekufa, lakini mlango unaweza kubaki mzito kwa njia nyingine: ada ya uanachama inayolipwa kwa mkupuo, barua mbili za wanachama wanaokujua, mlinzi anayetazama viatu kabla ya kusalimia. Hayo hayaandikwi kwenye kadi ya uwanja, na ndiyo yanayoamua kama mtu wa kawaida atarudi.

Dalili nzuri zinaonekana haraka. Kuna sehemu ya mazoezi ambapo mtu analipia ndoo ya mipira tu? Kuna siku ya vijana na wanawake? Makedi wanaruhusiwa kucheza, hata siku moja kwa wiki? Uwanja unaowaachia makedi wake wacheze kwa kawaida una roho nzuri hata kwa mgeni.

Maswali ya kuuliza kwa simu kabla ya safari

Mgeni asiye mwanachama anaruhusiwa siku gani, na saa ngapi?
Mashimo 9 ni bei gani, na siku za kazi ni bei gani?
Fimbo chache zinaweza kukodiwa, au ni mfuko mzima?
Kedi ni lazima? Analipwa kiasi gani, na nani anampokea pesa?
Raba na suruali ya kitambaa vinakubalika?
Slopu ya sehemu za mbele ni ngapi?
Kuna mwalimu au sehemu ya mazoezi?

Akijibiwa yote saba bila kuzungushwa, huo ni uwanja wa kuanzia. Akijibiwa kwa kicheko, ajaribu mwingine.

Na Kamina?

Uwanja wa mashimo 18 unakula ardhi ya hekta 50 au zaidi, ambayo ni kama viwanja 70 vya mpira wa miguu. Katika mji ambao familia zinahitaji shamba la mihogo na mahindi, si jambo la kuombwa kirahisi. Lakini kujifunza hakuhitaji hekta 50. Mashimo matatu mafupi, ya mita 50 hadi 90, yanaingia katika eneo la viwanja viwili vya mpira. Grini inaweza kuwa ya mchanga uliosawazishwa, kishimo ni kopo lililozikwa, na bendera ni kitambaa juu ya mti. Fimbo mbili zinaweza kupokezanwa na watoto kumi. La muhimu ni nafasi ya wazi isiyo na njia ya watu wala madirisha, kwa sababu mpira wa gofu ni mgumu na unaweza kuumiza.

Mtoto aliyejifunza hapo, siku akifika kwenye mtaa wa Golf kule Lubumbashi, atajua kwamba jina lile lina mchezo ndani yake, na kwamba yeye anaujua.